Rangi Niliyoifuta kwa Majivu

Jumamosi, 14 Machi. Asubuhi: mawingu mazito juu ya ziwa, upepo hafifu, mvua kidogo alfajiri kisha ikakata. Ng'ambo haikuonekana mpaka saa tatu.

Baba,

Naanza na hali ya hewa kama ulivyonifundisha, mambo ya watu baadaye. Miaka yote uliandika daftari lako hivyo, na kila asubuhi ulifunga kwa maneno yale yale: "Hakuna cha kuripoti." Leo kipo. Na kimetoka mikononi mwangu.

Mikono yenyewe nimeinawa mara nne tangu jioni. Sabuni ya mche, majivu, sabuni ya unga, mwisho nikakata ndimu na kusugua mpaka chini ya kucha. Nikiisogeza puani bado nasikia harufu ile, kama kandili iliyozimwa vibaya. Nimechemsha viazi, nikatafuna kimoja, nikatema. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na njaa, kwenye meza yako, na kama mwandiko utakuwa mbaya usinikaripie.

Nikueleze kwanza kambi yako ya rada ilivyo sasa.

Siku kumi na mbili baada ya kukuzika walikuja watu wa vyuma chakavu na karatasi yenye mhuri. Niliisoma mara mbili nikitafuta kasoro, sikuiona. Waliikata antena kwa gesi, vipande vipande, kama ng'ombe machinjioni, wakaipakia kwenye lori. Antena ile uliyokuwa ukiipanda kila mwezi na kopo la grisi, ingawa haijazunguka tangu nikiwa darasa la tano. Nilipokuuliza grisi ya nini, ulijibu, "Siku wakiirudia waikute haina aibu." Hawakuirudia. Mmoja wa wakataji alikojoa kwenye kitako chake kabla hajawasha moto, huku anapiga mluzi.

Chumba cha mitambo, ambacho ulitulazimisha kuvua viatu mlangoni, hakina mlango tena. Popo wamejaa darini. Sakafuni kuna kinyesi chao na kinyesi cha watu. Kwa macho huwezi kutofautisha, kwa pua unaweza. Pale kilipokuwa kioo cha rada, pale uliponipakata nikatazama mstari wa kijani ukizunguka na wewe ukinionyesha kwa kidole, "yule ni ndege, yule ni mvua inakuja," mtu ameandika kwa mkaa jina la mwanamke na tusi chini yake. Nilianza kulifuta kwa kitambaa. Nikaacha. Lipo la pili, na la tatu.

Mawe yako meupe ya njiani, uliyokuwa ukiyapaka chokaa kila Jumamosi kama vile mkaguzi atafika Jumatatu, yameondoka moja moja. Kina mama wanakandamizia turubai za dagaa. Wanaanika pale pale juu ya sakafu ya zege ilipokuwa inasimama antena, kwa sababu inashika joto na haina mchanga. Uliwafukuza miaka yote. Hilo peke yake, nikuambie kweli, halinichefui. Dagaa wamekauka vizuri, na mawe yanafanya kazi.

Linalonichefua liko stoo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakuonea aibu? Wenzako waliondoka na malori mawili, wakakuacha wewe koplo mmoja ubaki wiki mbili mpaka wahusika waje kuchukua vilivyosalia. Wiki mbili hizo zilikuchukua mpaka kaburini. Ulistaafu, hukwenda. Mama akafa, hukwenda. Ndugu zako kule Kagera wakakutengea kibanja chenye migomba tayari, ukasema bado una dhamana. Watu wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, walikuita Afande Rada, wengine kwa heshima, wengine kwa kucheka. Na mimi, kule Igoma ninakoshika stoo ya nyavu na vipuri, mtu akiniuliza baba yako anafanya nini, nilikuwa najibu, "Amepumzika kijijini." Nilikuwa siwezi kutamka kwamba baba yangu analinda kutu.

"Unalinda nini huko juu?" nilikuuliza Krismasi iliyopita. Ukasema, "Mali ya serikali." Nikachukia. Nikakujibu kwamba serikali yenyewe imeisahau. Ukaendelea kumenya chungwa lako, ganda likatoka lote kwa mkato mmoja kama kawaida yako, ukanipa nusu.

Sasa sikia jinsi ulivyozikwa, maana hukuwepo kwa namna ya kuona.

Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Waliokucheka nao walikuja. Baba Mdogo alifika kutoka Bukoba na ndugu saba, na hata kabla hajakaa alianza: "Mhaya gani anazikwa kwenye vyuma?" Lakini ulikuwa umeandika utakapolazwa, ukachora na ramani, basi wakachimba hapo hapo. Siku ile ile alivaa koti lako la jeshi. Alisema anasikia baridi. Hakulivua tena, akaondoka nalo.

Jioni ya kuamkia mazishi chakula kilikuwa hakitoshi. Unajua msiba wa huku, kila mtu anakuja na alichonacho: huyu unga, huyu kuni, huyu ndoo ya maji kichwani. Mama Shija, yule anayekaanga samaki na mapanki, mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, pale mwaloni, alikuja na beseni mbili za sangara, mapande makubwa, akasema Afande atasindikizwa na samaki na yeye mwenyewe atakaanga. Samaki wapo, mafuta hakuna. Baba Mdogo akasema, "Si kuna madumu stoo? Nimeyaona dirishani, manane, yamejaa."

Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Naandika hapa polepole, Baba.

Nilifungua. Madumu ya njano ya mafuta ya kula, ya lita ishirini, yamepangwa ukutani kwa mstari ulionyooka kama yamesimama gwaride. Yalikuwa na vumbi, utando wa buibui, mavi ya popo yamegandia juu. Na kwenye kila dumu, kuuzunguka mfuniko, ulikuwepo mstari mwekundu wa rangi.

Niliuona. Nataka ujue hivyo. Sitasema "kulikuwa na giza" au "rangi ilikuwa imefutika." Niliuona mstari mwekundu, mimi niliyekua ndani ya nyumba ambayo chupa ya mafuta ya taa ilikuwa na mstari mwekundu, kopo la sumu ya panya lilikuwa na mstari mwekundu, sanduku la fyuzi lilikuwa na mstari mwekundu. Nikiwa na miaka saba ulinishika mkono mbele ya chupa ile ukaniambia, "Nyekundu haiguswi. Hata nikiwa sipo." Kazini kwangu siruhusu boksi liingie ndani kabla sijasoma kila alama iliyo juu yake, na vibarua wananiita Bi Lebo.

Lakini jioni ile niliona uchafu tu. Niliona wageni wa Bukoba watakavyosema, kwamba Koplo alikuwa anaishi kama panya. Nikasema moyoni, angalau vyombo vya baba yangu vitoke safi. Nikachota majivu jikoni, nikachukua gunzi la muhindi, nikakaa chini nikalia na kusugua. Dumu moja moja, yote manane. Rangi ilikuwa kavu na ngumu, ilinichukua muda. Niliisugua mpaka ikatoka yote. Nilijisifu, Baba. Niliyatazama yanavyong'aa nikaona nimekufanyia kitu.

Mama Shija alikuwa anakaanga huku anafurahi. "Jamani, mafuta gani haya! Meupe kama maji, na hayaungui! Tangu saa kumi na mbili nakaangia, hayajabadilika rangi!" Mtu mmoja kwenye foleni alisema yananuka taa. Mama Shija akamjibu, "Wewe unayenuka konyagi unasikiaje harufu ya taa?" Watu wakacheka, sahani zikapita. Nilikula mapande mawili. Nililamba vidole.

Siku tatu tulizoendelea kukaa matanga, nusu ya watu walikuwa wanakimbilia kwenye migomba yako. Watoto walitapika. Baba Mdogo akasema ni maji ya ziwa, tumbo la Bukoba halijayazoea. Mimi niliandika kwenye daftari langu: "Tumbo. Labda samaki." Imeandikwa hivyo hivyo, ipo, nimeisoma tena leo na nikapiga mstari chini yake.

Msibani yaliisha madumu matatu. Kabla ya kuondoka Baba Mdogo alimuuzia Mama Shija matano yaliyobaki. Nilimwona akiyapakia kwenye mkokoteni, nikamsaidia kusukuma.

Tangu hapo nimekuwa nikija kila Ijumaa jioni na kusoma madaftari yako, moja kila wiki, kwa mpangilio wa tarehe. Sikutaka kurukia la mwisho. Mengi ni upepo, mawingu, na "hakuna cha kuripoti," na nikiri nimesinzia juu ya baadhi. Jana nilifika la saba. Katikati yake, baada ya kurasa za mvua, nikakuta hii. Nainakili kama ilivyo ili nisiiboreshe:

"Asubuhi wazi, upepo wa ziwani. Mapipa ya mafuta ya transfoma yameoza, yanavuja kuelekea korongo la ziwani. Nimeyamimina kwenye madumu matupu niliyopewa na Mama Shija. Madumu manane. Nimepaka nyekundu. Yasiguse ngozi, chakula wala maji. Tulifundishwa kozini kwamba hayatoki mwilini. Udongo uliolowa nimeuchimba na kuufukia ndani ya zege. Nimeandika barua ya nne. Nikisema ni mafuta yataibiwa. Nikisema ni sumu watacheka. Nikisema ni mali ya serikali wataogopa. Sitoki hapa mpaka yachukuliwe."

Nilisoma nimesimama. Halafu nikatoka nje nikatapika kwenye mgomba wako wa kwanza mlangoni. Wiki saba zimepita, hakuna kilichobaki tumboni cha kutapika, lakini mwili ulitapika hivyo hivyo.

Kumbe hukuwa unalinda chuma. Chuma hukukijali, ulikipaka grisi kwa adabu tu. Ulikuwa unakaa kati ya madumu yale na sisi. Na tulikucheka, na siku ya kwanza umelala bila kuweza kuamka, binti yako mwenyewe alifungua mlango, akafuta onyo lako kwa majivu, akawalisha waombolezaji wako.

Nakukasirikia pia. Nitasema, kwa sababu nisiposema leo litaniozea ndani. Mimi si mtu wa mwaloni wa kutishwa na serikali. Ungeniambia mimi. Krismasi ile, na chungwa mkononi, maneno matatu tu: "Adventina, ile sumu." Ulinyamaza kama askari wakati ulikuwa baba. Ningeibeba siri hiyo. Nina uwezo wa kubeba siri. Nimekuficha wewe mwenyewe miaka mingi.

Asubuhi hii nilimpigia simu Baba Mdogo, nikamsomea ukurasa. Akasema: "Mwanangu, waliokula wameshakula na wameshakunya. Wewe ukifungua mdomo utamzika kaka yangu mara ya pili. Watasema Koplo aliwalisha watu sumu kwenye msiba wake. Unataka jina hilo?" Nikamwambia bado kuna madumu kwa Mama Shija, watu wanakula leo, saa hii. Akajibu, "Si atayamaliza tu?" Nilikuwa nimeshika simu nikaitazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. Nikakata. Nilimwona akilini na koti lako, na vifungo vyako vya shaba.

Lakini sitajifanya mwema. Baada ya kukata simu nilikaa saa moja na nusu. Nilifagia chumba. Nilipanga madaftari. Nilifikiri kwamba angeweza kweli kuyamaliza, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi na wewe. Nilifikiri juu ya jina lako, na la kwangu zaidi. Saa nne na dakika ishirini nilivaa viatu.

Mama Shija alikuwa na wateja, wavuvi waliorudi asubuhi na abiria wawili watatu. Kikaango kinachemka. Nikamsalimia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu! Karibu, umekonda, njoo ule." Na akaninyooshea kipande cha sangara kwenye karatasi.

Nilitazama mkono wake. Kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko una vipele vyeusi, vidogo, vingine vimepasuka. Akaona ninavyotazama, akasema, "Sabuni mpya hii imenikataa."

Sikujua namna ya kuanza na hali ya hewa. Nilisema tu. Nilisema mbele ya wote, kwa sauti, kwa sababu nilijua nikimvuta pembeni nitapunguza. Nilisema mafuta ya stoo ya baba yangu ni ya transfoma ya rada, si ya kula, ni sumu, baba aliyawekea alama na alama niliifuta mimi. Nilisema tumeyala msibani. Nilisema yamo humo ndani ya kikaango.

Kwanza alicheka. "Wewe Adventina! Nani amekutuma uniharibie biashara?" Nikafungua daftari lako nikamsomea. Nilipofika kwenye jina lake, "niliyopewa na Mama Shija," aliacha kucheka. Alisema polepole, "Ni kweli. Alikuja kuniomba madumu matupu. Nilimuuliza ya nini, akasema ya maji." Akaangalia mikono yake. "Mimi siku ile ya msiba nikafurahi, nikasema madumu yangu yamenirudia yakiwa yamejaa."

Mvuvi mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa na mnofu mdomoni. Aliutoa akauweka juu ya benchi. "Kumbe tulikula rada!" akasema. "Ndiyo maana usiku nasikia ndege tumboni." Watu wakaangua kicheko, nami nusura nicheke, kisha mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema, "Wangu ana miaka miwili. Alikula vipande viwili." Kicheko kikakatika.

Hapo nilitukanwa. Sitayaandika yote, mengine unayajua. Mama Shija alitema mate karibu na kiatu changu akasema, "Wiki saba nalisha watoto wangu makoko ya kikaango hiki! Wiki saba! Na wewe una elimu!" Hilo la elimu lilinichoma kuliko mate. Mtu mwingine akasema Afande alikuwa mchawi, tangu zamani alikuwa anaongea na mashine. Sikukaa kimya hapo. Nikamwambia, "Baba alikaa juu kule ili usiyanywe. Mimi ndiye niliyekulisha. Nitukane mimi." Alinitukana mimi.

Kati ya matano yalibaki mawili, moja zima na moja nusu. Alikuwa akiyachanganya na ya dukani ili yadumu. Yule wa kofia ya sufu akainua lile la nusu akasema, "Basi tuyamwage, yaishe," akaanza kuelekea majini.

Baba, sikuwahi kumshika mwanamume asiye ndugu yangu mbele za watu. Nilimkimbilia nikalikamata dumu kwa mikono miwili. Tukavutana kama watoto wanaogombea ndoo. Mfuniko ukafunguka, yakanimwagikia mikononi, kwenye gauni, kwenye mawe. Nilikuwa nasema neno moja tu, "Si ziwani, si ziwani, si ziwani," mpaka akaliachia. Nadhani aliona aibu au aliniona nimerukwa na akili. Akaniambia, "Chukua sumu ya baba yako."

Nikavua kitenge nikafutia mawe yaliyolowa. Nikachota mchanga nikamwagia, nikaukusanya wote kwenye mfuko. Mama Shija aliinua kikaango chake mwenyewe, kile cha kutegemea maisha, akakiacha kipoe, akamimina kilichomo kwenye dumu la nusu bila kumwaga tone. Hakunitazama. Halafu akajitwika lile dumu zima kichwani.

Tulipanda kilima wote wawili. Mimi na dumu langu mkononi na mfuko wa mchanga, yeye mbele. Njia nzima alikuwa anaongea, lakini si na mimi; alikuwa anaongea na wewe. "Afande, ungesema. Afande, nilikuuliza ya nini ukasema ya maji. Mwanamume mzima unasema uongo kwa mkaanga samaki." Tulipita kwenye zege, kina mama wa dagaa wakasimama kutuangalia. Akapita kaburini kwako bila kusimama. Akashusha dumu mlangoni mwa stoo, akakaa chini, akahema.

Nikadhani ataondoka. Akasema, "Paka rangi. Nikiona."

Rangi yako ilikuwepo rafuni, kopo limeganda juu. Nilitoboa utando kwa msumari, chini ilikuwa bado laini. Brashi sikupata, nikatumia kitambaa. Nikapaka mstari mwekundu kuzunguka mfuniko wa kwanza, nikapaka wa pili. Mstari haukunyooka kama wako. Mama Shija akasema, "Nene zaidi." Nikaongeza. "Na hapa ubavuni. Na andika." Nikaandika neno SUMU kwa herufi kubwa, pande zote mbili. Alitazama muda mrefu. Hajui kusoma, lakini aliniomba nimwonyeshe kila herufi. Halafu akasimama, akajipangusa vumbi, akasema, "Jumatatu tunakwenda hospitali. Wewe na mimi. Utaongea wewe, mwenye elimu," akashuka. Hakuniaga. Sikustahili kuagwa.

Kwa hiyo ripoti yenyewe ni hii. Mafuta kidogo nimeyaweka kwenye chupa ya dawa, nimebandika karatasi yenye tarehe na maelezo, tutayapeleka Jumatatu mjini. Kazini nimeomba ruhusa. Lipo daftari la rambirambi, kurasa sita za majina ya waliokuja kukuzika. Wote nadhani walikula, na waliokula walibebea na wa nyumbani. Nitakwenda nyumba kwa nyumba, wa Bukoba nitawapigia, nikiwaambia nilichosema mwaloni, neno kwa neno, na kila nitakayemwambia nitaweka alama. Nitaanza na yule mwanamke mwenye mtoto. Sitasema ni wewe. Wala sitasema ni samaki.

Na barua ya tano kwa wahusika nitaiandika mimi. Wakinyamaza nitaandika ya sita, na nitaipeleka kwa miguu yangu, nikae kwenye benchi lao na harufu hii mikononi mpaka wainue vichwa. Mpaka waje kuyachukua, ufunguo utakaa shingoni mwangu. Igoma nitafanya kazi, Ijumaa nitakuwa hapa. Naona sasa umeniachia dhamana, ingawa hukunipa. Niliichukua mwenyewe siku niliyofungua mlango.

Kesho nitatafuta chokaa. Mawe ya njiani siwezi kuyadai kwa kina mama, wanayahitaji. Lakini kuanzia mlango wa stoo mpaka kaburini kwako ni hatua thelathini na moja, nimezihesabu, na mawe mengine yapo korongoni. Nitayapaka. Si kwa ajili ya mkaguzi.

Lala, Baba. Zamu ni yangu. Siwezi bado kukuomba msamaha, kinywa changu bado kichafu. Nitakuomba jina la mwisho la ukurasa wa sita likishawekewa alama.

Binti yako,
Adventina

Naongeza Jumapili asubuhi, kwa usahihi wa kumbukumbu: anga wazi, ng'ambo inaonekana yote. Usingizi ulinichukua saa kumi kasoro dakika tano, mikono ikiwa nje ya shuka.